Karatasi mbili dirishani: kumbukumbu ya mradi wangu wa giza na nuru

Wiki ya 3

Mradi huu ni wa picha saba, kila moja kwenye ubao wa plaiwudi wa sentimita 40 kwa 50, na zote saba zinahusu kitu kimoja: chumba usiku, taa moja inawaka. Nachanganya magazeti ya zamani, shashi, makaa ya kuchorea, masizi, nta, akriliki, na zile karatasi za dhahabu nyembamba zinazopeperuka ukizipumulia tu.

Nilipoanza niliamini kazi yote itakuwa kwenye nuru. Giza sikulihangaikia hata kidogo. Nilikuwa na tyubu ya rangi nyeusi, basi. Sasa picha mbili zimekwisha na zote mbili zina ugonjwa mmoja: weusi wake umekufa. Ukisimama mbali unaona kama ubao umetobolewa. Jicho likifika pale linagota, haliingii ndani ya chumba.

Jana usiku nikazima taa, nikaacha mlango wazi kidogo, nikakaa kitandani nikilitazama giza lenyewe. Halikuwa jeusi. Pembeni mwa kabati lilikuwa la kahawia, chini ya meza lilielekea kwenye bluu, na penye mikunjo ya pazia kulikuwa na rangi ambayo mpaka sasa sijaipatia jina. Leo asubuhi nimeiweka ile tyubu kando. Nachanganya mwenyewe, altramarini, ile bluu nzito, na kahawia iliyokolea. Ukizidisha bluu, giza linarudi nyuma. Ukizidisha kahawia, linakusogelea. Napaka tabaka jembamba, likikauka napaka jingine, mpaka matano. Inachosha, lakini ubao umeanza kupumua.

Wiki ya 4

Masizi. Unashika karatasi juu ya mwali wa mshumaa, unaisogeza bila kutulia, na moshi unachora wenyewe. Mchoraji Wolfgang Paalen alitengeneza picha kwa moshi wa namna hii katika miaka ya 1930, na nilipoziona kwenye picha za vitabuni nilidhani ni jambo jepesi. Karatasi tatu za kwanza ziliungua. Ukijaribu, weka ndoo ya maji karibu, fungua dirisha, na usifanye ukiwa peke yako.

Ya nne iliungua pia, ila tundu lake lilikuwa dogo, kama ukucha wa kidole gumba. Kingo zake ni za kahawia, kisha nyeusi, kisha masizi laini yanayofifia kama ukungu. Nilikuwa naikunja niitupe, nikainyanyua kwanza kuelekea dirishani, na mwanga ukapita pale kwenye tundu. Nikasimama nayo mkono juu sijui kwa muda gani. Taa ya picha ya tatu ndiyo hiyo. Nimebandika shashi nyeupe kwa nyuma, tabaka mbili, wala sikutia chembe ya dhahabu. Ni nuru nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Kwa wanaouliza: masizi hayagusiki. Ukiyapitishia hata mkono wa shati, yamekwenda. Nayanyunyizia dawa ya kushikizia makaa kutoka umbali wa mkono mzima, safu tatu nyepesi. Karibu zaidi ya hapo matone yanachimba mashimo.

Wiki ya 6

Nimerudi kutoka London, siku mbili za makumbusho tupu, na miguu bado inauma. Nina kurasa 19 za daftari. Nitaandika yale yaliyonibadilisha tu.

Ndani ya National Gallery kuna picha ya Joseph Wright wa Derby ya mwaka 1768, ya jaribio la ndege ndani ya pampu ya hewa. Ni kubwa, karibu mita mbili na nusu kwa upana. Watu wameizunguka meza usiku, juu yao kuna chombo cha kioo chenye ndege mweupe, na hewa inanyonywa. Nilitumia muda mrefu kuutafuta mshumaa. Hauonekani. Mchoraji ameuficha nyuma ya bilauri kubwa ya kioevu kilichochafuka, ukabaki mng'ao tu. Nuru yenyewe unaisoma kwenye nyuso: msichana aliyejifunika macho kwa kiganja, mwenzake anayeangalia juu kwa huzuni, mzee aliyeinamisha kichwa. Halafu kulia, dirishani, kuna mwezi, nuru nyingine kabisa, baridi, isiyojali yanayotokea mezani. Nikaandika kwa herufi kubwa: FICHA TAA. Kwenye picha zangu mbili za mwanzo taa iko katikati, imepakwa dhahabu, na vitu vingine vyote vimesimama tu kama wageni.

Lakini kilichonipiga ni mchoro wa Leonardo da Vinci, ule wa Bikira Maria na Mtakatifu Anna pamoja na watoto wawili, wa karibu mwaka 1500. Umetunzwa kwenye mwanga hafifu, hata unapoufikia huoni kitu isipokuwa kivuli kikubwa cha kahawia. Nilitaka kuendelea na safari. Mama mmoja aliyekuwa ameketi pale akaniambia kwa upole nisubiri kidogo, macho yangu bado yako nje. Nikaketi. Uso wa Anna ukatangulia, kisha tabasamu, kisha mkono unaoelekeza juu, ambao Leonardo aliuacha kama mstari tu bila kuumalizia. Ni makaa na chaki nyeupe juu ya karatasi nane zilizogundishwa pamoja. Karatasi, gundi, makaa: vitu vilevile vilivyojaa mezani kwangu. Viungo vya zile karatasi vinaonekana ukitulia, na mimi nimekuwa nikihangaika kuvificha vyangu kwa msasa.

Sababu ya ule mwanga hafifu ni kwamba mwanga unaharibu karatasi, na uharibifu wake haurudi nyuma. Kipimo kinachotumiwa na makumbusho mengi kwa michoro ya karatasi ni luksi 50 hivi, luksi ikiwa kizio cha kupimia mwanga unaoangukia kitu. Jua la mchana usio na mawingu hufika luksi 100,000. Nikapiga hesabu nikiwa kwenye benchi: saa moja ya jua kali ni sawa na saa 2,000 za ule mwanga. Makumbusho yakifungua saa nane kwa siku, hizo ni siku 250. Saa moja tu ya kuisahau picha uwanjani!

Siku ya pili nilikwenda makumbusho ya Tate Modern kwa ajili ya mchoraji Mark Rothko. Picha zile alizianza mwaka 1958 kwa ajili ya mgahawa wa kifahari huko New York, kisha akabadili nia, na tisa kati yake akaipa Tate. Zilifika London mwaka 1970, siku ileile aliyokutwa amekufa. Nyeusi juu ya rangi ya damu ya mzee, nyekundu juu ya damu ya mzee, chumba chenyewe kimefifishwa taa. Nilijipa dakika ishirini, nikizihesabu kwa saa ya mkononi. Macho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza kikamilifu, na kweli, kufikia dakika ya kumi na tano kingo zilizokuwa butu zilianza kusogea, wekundu ukatoka ndani ya weusi. Watu waliingia, wakapiga picha, wakatoka. Niliwaonea huruma, maana waliondoka dakika chache kabla picha haijafunguka.

Wiki ya 7

Nimebandua dhahabu kwenye picha ya kwanza kwa kisu butu na kuificha taa nyuma ya mtungi. Afadhali sana. Ya pili haiponi, nitaipaka upya yote.

Wiki ya 8

Ile hesabu ya luksi hainitoki. Kama mwanga unakula karatasi, basi mwanga ni kifaa, kama brashi. Nimebandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha linalopata jua: moja ya gazeti, moja ya rangi ya bei rahisi, ile ya watoto, zambarau. Juu ya kila moja nimefunika umbo la mkono wangu lililokatwa kwenye kadibodi nene, pande zote nikazishikiza kwa gundi ya karatasi ili kadibodi isisogee. Ndani yangu nataka kuchungulia kila siku. Nimejikataza.

Wiki ya 11

Sikuweza kujizuia zaidi, nimefungua leo. Kwenye gazeti, karatasi imekuwa manjano yenye kahawia, na mkono umebaki mweupe. Gazeti lina ligini, sehemu ya mti inayobadilika rangi ikipigwa na jua na hewa. Kwenye karatasi ya zambarau imekuwa kinyume: karatasi imepauka ikawa kama majivu, mkono umebaki zambarau iliyokolea. Nimeziweka pamoja mezani. Jua lilelile, dirisha lilelile, wiki zilezile. Moja limeitia giza na nyingine limeinyang'anya rangi. Mkono mmoja ni wa nuru, wa pili ni wa giza, na yote miwili ni kivuli changu. Ukingo wa kidole gumba haukukaza vizuri, mwanga umepenya chini ya kadibodi, kwa hiyo pale mpaka unayeyuka taratibu, milimita mbili tatu, laini kuliko niwezavyo kupaka kwa brashi.

Hii ndiyo picha ya saba. Nimeshajua, sina haja ya kutafuta nyingine.

Wiki ya 12

Tatizo: picha hii haikauki. Nikiitundika ukutani, nuru inaendelea na kazi yake. Gazeti litakolea mpaka mkono wenyewe nao uwe wa manjano, zambarau itapauka mpaka ifanane na majivu yake. Nimefikiria vanishi, nimefikiria kioo cha kuchuja miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Vyote vinachelewesha, havizuii.

Nilichokipenda ni desturi ya Dublin na Edinburgh. Henry Vaughan, mkusanyaji wa sanaa, aliziachia nyumba za sanaa za taifa za miji hiyo picha za rangi ya maji za mchoraji Mwingereza Turner mwaka 1900, 31 Dublin na 38 Edinburgh, kwa sharti kwamba zionyeshwe Januari tu, mwezi ambao mwanga wa huko ni dhaifu. Miezi kumi na mmoja zinakaa gizani. Zaidi ya miaka mia imepita na zinasifiwa kwa ubichi wa rangi zake. Nilipolisoma hilo nililiona giza kwa namna nyingine kabisa: ndilo lililozilea.

Kwa hiyo ya saba sitaitundika. Naitengenezea sanduku la kina kifupi, lenye mfuniko wa plaiwudi, ndani limepakwa lile giza langu la tabaka tano. Anayetaka kuona atafungua mwenyewe, atazame, afunge. Kila atakayefungua atakuwa ameifuta kidogo, na nitamwambia hivyo kabla hajashika mfuniko.

Wiki ya 13

Sanduku limekamilika isipokuwa bawaba. Nilizonunua ni nzito, zinavuta mfuniko upande mmoja na kuacha ufa wa mwanga upana wa uzi. Nimeziba kwa utepe mweusi kwa sasa. Kesho natafuta bawaba ndogo zaidi.