Namba za Kirumi zilivonizungusha Vigan

Basi la kutoka Manila lilinishusha Vigan, mji wa kaskazini ya Ufilipino, alfajiri, AC usiku kucha kama friji, mgongo wote ganzi. Nyumba ya wageni walinitumia meseji niende Barangay IV. Barangay ni kama shehia kwetu Zanzibar, Vigan zipo 39, na za katikati ya mji hazina majina, zinaitwa I mpaka IX kwa namba za Kirumi. Dereva wa tricycle, ile pikipiki yenye kibanda ubavuni, kanifikisha IV nyumba haipo, tukaenda III, tukarudi I, tunauliza watu wanafagia milango, jua linatoka, begi linaniumiza mapaja, kumbe ni VI! Wenyewe ndo waligeuza herufi na hata pole sikupewa. Tulikubaliana peso 50, dereva kataka 200, nikalipa huku roho inaniuma.

Siku mbili zilizofata nililala tu na kutembea.

Jioni ya tatu nikakaa Plaza Burgos kwa mama mmoja muuza empanada, kama sambusa kubwa ya kukaanga, nikamwita manang, ndo heshima ya dada mkubwa kwa Kiilokano, lugha ya huko. Nikamwomba asinitilie longganisa, soseji yao, mana ni nguruwe, akanitilia papai bichi na mayai mawili. Nikamsimulia habari ya IV na VI. Akanambia hizo namba ni za juzi tu, mji una mgawanyo wa zamani zaidi. Mhispania Juan de Salcedo aliujenga 1572, baadae Wachina wafanyabiashara wakaoa wenyeji, watoto wao, mestizo, wakatajirika, wakakaa mtaa wao wa Kasanglayan, zile nyumba za Calle Crisologo chini mawe na ghala, juu mbao na madirisha ya magamba ya chaza wa capiz. Wenyeji, naturales, wakawa na upande wao, chama chao na viongozi wao. Mji mmoja, watu mbalimbali. Na neno barangay lenyewe wanasema limetokana na balangay, yani jahazi.

Manang akasema bibi yake alikuwa akipeleka nguo za kufuma kwenye nyumba zile, na akipita mlango wa nyuma.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu wa Zanzibar. Vigan iliingia urithi wa dunia 1999, Mji Mkongwe wetu 2000, na wageni wote wanapiga picha milango ya upande mmoja tu. Ule mkono wa bahari uliotenga Ng'ambo na nyumba za mawe ulishafukiwa zamani, ni barabara, daraja halipo, lakini bibi mpaka anafariki akivuka Darajani alikuwa anasema "nakwenda mjini", wakati yeye kazaliwa mji huohuo.

Nikamwelezea manang yote hayo kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga. Akanyamaza kidogo, akanikaangia nyingine ya mayai, na peso zangu akazikataa.