Saa Tatu Mbele

Mwezi Julai 2021, nikiwa fundi wa mifumo wa chama kimoja cha ushirika wa wakulima wa kahawa jijini Mbeya, nilipewa kazi ya kuhakikisha kwamba logi, yaani kumbukumbu za kila tukio, za programu yetu ya mizani haziishii ndani ya seva peke yake. Seva hiyo ilikuwa kompyuta ya mezani yenye Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, iliyokaa miguuni pa mhasibu katika ofisi jirani na soko la Mwanjelwa. Msimu uliotangulia diski yake ilikufa, ikaondoka na ushahidi wa magunia yaliyokuwa yakibishaniwa.

Nilichagua kuzipeleka CloudWatch, huduma ya Amazon ya kutunza logi mtandaoni, katika kanda ya Cape Town iliyokuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla. Niliweka ejenti, yaani programu ndogo inayosoma logi na kuzituma, nikaipa funguo za kuingilia, nikaielekeza kwenye faili ya logi na kuieleza jinsi tarehe na saa zinavyoandikwa humo. Palipotakiwa saa za eneo nikajaza UTC, kama nilivyozoea kwenye seva nyingine. Saa moja na nusu usiku, mizani ikiwa imeshafungwa, niliiwasha. Mistari yote ya mchana ilipanda. Wa mwisho ulikuwa wa kilo 48 za kahawa ya maganda, uliandikwa 16:12 kwenye faili, na kwenye skrini ukasomeka 16:12. Nilivaa koti, maana baridi ya Julai huku haina mzaha, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Kesho yake, hadi saa tano asubuhi, wakulima walikuwa wamepimiwa tangu saa mbili na hapakuwa na mstari hata mmoja mpya. Nilishuku intaneti, lakini logi za mfumo wa kompyuta yenyewe, ambazo ejenti ilizituma pia, zilikuwa zikifika kama kawaida kwa funguo zilezile. Niliwasha ejenti upya mara tatu, jambo ambalo fundi hulifanya anapoishiwa mawazo.

Mhasibu, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuandika amri hata moja ya Linux, alisogeza kiti akatazama mistari ya jana.

"Mwanangu, hizo herufi UTC hapo juu ni za nini?"

"Ni saa ya dunia, Mama. Sisi tuko mbele yake kwa saa tatu."

"Sasa mbona inasoma sawasawa na saa yetu?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua logi ya ejenti yenyewe, ambayo nilipaswa kuifungua mapema zaidi, nikakuta imejaa onyo moja: mstari uko nje ya muda unaokubalika, umetupwa. CloudWatch haipokei tukio lililopita siku 14, wala lililo mbele ya wakati wa sasa kwa zaidi ya saa 2. Programu yetu iliandika saa za Tanzania, nami nilikuwa nimeiambia ejenti kwamba ni UTC, kwa hiyo kila gunia lililopimwa asubuhi ile lilionekana limepimwa saa tatu zijazo. Mistari ya jana ilipenya kwa sababu tu niliituma jioni, ikiwa imeshapoa. Zile za mfumo sikuwa nimezipangia muundo wa saa, hivyo ejenti ilizigonga mhuri wa wakati ilipozisoma.

Nilibadilisha UTC kuwa saa ya hapohapo kwenye seva, na mistari iliyotupwa, ambayo kwa bahati ilikuwa bado kwenye diski, nikainakili katika faili ya jina jingine ili ejenti iisome kama mpya. Mstari uliofuata kutoka kwenye mizani ulifika ndani ya sekunde chache. Faili ilisema 11:42, skrini ikasema 08:42, na Mama mhasibu, akiitazama saa ya ukutani, akasema ni saa sita kasoro na hajanywa hata chai.

"Ndaga, Mama," nilimwambia, yaani asante kwa Kinyakyusa, nikatoka kumletea maandazi.