Siku moja kwenye lezi yangu Gerezani: plastiki gani inafaa tochi ya TIG?

Saa 1 asubuhi. Nafungua karakana yangu ya lezi, yaani mashine ya kukereza, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mteja ameshafika. Ni fundi wa alumini, anatengeneza milango na makabati ya maduka. Ananikabidhi tochi yake ya TIG, yaani mpini wa kulehemu kwa umeme wenye ncha ya tangsteni inayokingwa na gesi ya argoni, ikiwa imefungwa kwenye gazeti. "Kaka, vipuri vyake nimezunguka Kariakoo nzima sijapata. Ukinitengenezea leo, kesho naingia kazini."

Naifungua mbele yake. Ni tochi namba 17, ya kupozwa kwa hewa, inayobeba ampea 150. Ncha ya tangsteni imekuwa nyeusi yenye ubluu, dalili kwamba hewa inapenya na kuchanganyika na argoni. Chanzo hakikujificha: pete nyeupe inayokaa kati ya kichwa cha tochi na kikombe cha kauri imeyeyuka upande mmoja, na kofia ya nyuma ina ufa. Aliyeitengeneza mara ya mwisho alimwambia pete ile ni Teflon, plastiki nyeupe inayostahimili joto. Teflon haiyeyuki hivyo kwenye tochi ya ampea 150.

Saa 3. Chai na chapati, kisha tunaingia kwenye plastiki zenyewe. Kijana ninayemfundisha kazi ananiuliza swali ninaloulizwa na karibu kila mtu: "Fundi, plastiki inayostahimili moto kuliko zote ni ipi?" Namwambia aanze kuuliza kipande kinakaa wapi. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, na bado ncha yake hutiririka ukizidisha ampea. Mbele pale hakuna plastiki itakayokaa, ndiyo maana kikombe ni cha kauri. Plastiki inaishi nyuma ya kauri, na kila sehemu huko nyuma ina mateso yake.

Pete inapata joto kuliko vipande vyote vya plastiki, lakini haibebi mzigo mkubwa. Hapo naweka Teflon, ambayo inahimili nyuzi 260 mfululizo na huyeyuka kwenye 327. Kofia ya nyuma ina nyuzi za skrubu na inakazwa kila siku. Teflon hapo hapana, maana ikibanwa hutambaa taratibu na skrubu hulegea. Kofia naikereza kwa bakelaiti ya kitambaa, plastiki ngumu ile ya kahawia yenye mistari ya nguo ndani. Bakelaiti haiyeyuki. Ikizidiwa huungua na kuwa mkaa, ila haikumwagikii mkononi. Mpini uko mbali na moto, kazi yake kubwa ni kuzuia umeme: mashine inapowasha arki, yaani cheche ya kulehemu, hutoa maelfu ya volti, na umeme huo unatafuta ufa wowote uufikie mkono. Nailoni yenye nyuzi za kioo inatosha pale.

Ipo pia plastiki iitwayo PEEK, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, inayoyeyuka kwenye 343 na haitambai kama Teflon. Ningependa kuitumia kwa kila kitu. Bei yake hairuhusu.

Saa 4 na nusu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na sikubali mtu aniharakishe. Fimbo nyeupe zinazouzwa madukani zote huitwa Teflon. Nyingine ni nailoni, nyingine asetali, nyingine polithini ngumu. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo mimi hutumia mizani. Kipande chenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa milimita 100, kikiwa Teflon halisi, kina gramu 108 hivi. Asetali inakuja karibu 69, nailoni 56, na polithini 47, tena hiyo huelea kwenye ndoo ya maji. Baada ya mizani nagusisha pasi ya kulehemu niliyoiweka kwenye nyuzi 280: nailoni inavutika uzi, Teflon inatulia.

Asetali naiogopa zaidi kwa sababu inakerezeka vizuri sana na inamshawishi fundi. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi 165 hadi 175, na ikiungua hutoa gesi ya fomaldehaidi. Teflon nyeusi nayo naiacha, maana mara nyingi imechanganywa na kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Mbao za kijivu zinazotolewa kwenye paneli za zamani za umeme siziingizi kabisa karakanani. Baadhi zina asbesto.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie. Kijana anataka kuvuta sigara, namrudisha bombani kwanza. Vumbi la Teflon likishika sigara linaungua pamoja nayo, na moshi ule huleta homa saa chache baadaye: baridi, kutetemeka, mwili kuuma. Mtu atakwenda kupima malaria asiikute. Kwa hiyo kwangu ni kunawa kwa sabuni kabla ya sigara na kabla ya chakula, na chenga za Teflon hazichomwi na takataka.

Saa 8. Kukereza. Kisu kikali, mwendo mwepesi. Teflon hutanuka kwa joto karibu mara kumi ya chuma, kwa hiyo pete naiacha ipoe ndipo naipima kwa kalipa. Bakelaiti naikereza nikiwa nimevaa barakoa, feni ikipuliza vumbi nje.

Saa 11 jioni. Tunafunga vyote pamoja na oringi mpya ya silikoni, pete laini ya kuzuia kuvuja. Mashine ikiwa imezimwa, nafungulia argoni, naziba kikombe kwa kidole na kupaka povu la sabuni nyuma. Hakuna bubujiko. Tunachoma kipande cha alumini kwa ampea 90. Ncha ya tangsteni inabaki inang'aa kama fedha. Tochi ikipoa nakaza tena kikombe, maana pete mpya hukaa sawa baada ya joto la kwanza.

Namwambia mteja asifikishe ampea 150 kwenye alumini: mkondo wa AC (unaobadilisha mwelekeo), unaotumika kwenye alumini, hupasha tangsteni na tochi kuliko DC (unaokwenda upande mmoja). Akipata kazi nene atafute tochi inayopozwa kwa maji. Nimemkerezea pete mbili za akiba kwa bei ileile, na nimemwonyesha jinsi ya kubadilisha pete mwenyewe, ncha ya tangsteni ikianza tena kuwa nyeusi.