Bahari ndani ya kopo la biskuti

Nilikuwa nafuata cheti cha kuzaliwa cha baba, basi. Arusha hadi Moshi ni kilomita kama 80, si safari ya kujisifia. Usa River tulipakia magunia ya vitunguu, Boma Ng'ombe trafiki akatusimamisha, na saa nne asubuhi nilikuwa nagonga geti la shangazi kule Majengo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivyo?"

Cheti kilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini kabisa. Juu yake zilijaa picha, na picha hizo ndizo zilizonichelewesha hadi saa kumi jioni. (Cheti chenyewe nilikuja kukisahau mezani. Nilishtuka koasta ilipofika tena Boma Ng'ombe.)

Zilikuwa picha za Raskazone, Tanga. Babu alikuwa fundi wa reli. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, kwa hiyo kwetu ukisema bahari umesema Tanga; Dar ilikuwa ya wengine.

Za rangi, za miaka ya sabini, zimegeuka wekundu wa tofali. Rangi ya buluu imetangulia kufa na bahari ikaondoka nayo. Watu wamesimama mbele ya kitu kama shamba lililolimwa. Zile ndogo za nyeusi na nyeupe, zenye kingo zilizokatwa kama meno, bado kali, maana picha yake ni chembe za madini ya fedha juu ya karatasi.

Niliyoing'ang'ania ni moja. Babu yuko mchangani na tai shingoni, suruali kaikunja hadi katikati ya muundi, viatu mkononi. Bibi kashika mwavuli. Shangazi, wa miaka sita hivi, kavaa gauni jeupe na kageuza uso pembeni. Nyuma yao maji yamekupwa, ngalawa imelala ubavu. Nikashikwa na hamu ya Raskazone, mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Nilitaka kuwa pale, jioni ile, nimenyamaza.

"Jioni gani? Saa saba mchana hiyo," shangazi akasema. "Hapo nalia. Mchanga unaunguza, na gauni ni la mtoto wa jirani. Mwavuli nao wa mpiga picha, tazama, waya mmoja umevunjika."

Kweli, umevunjika.

Nikajaribu kuipiga kwa simu. Mwanga wa taa ya dari ukatua palepale palipo na bahari. Nikaigeuza niangalie kama nyuma kuna mwaka. Palikuwa na penseli iliyofifia: *Raskazone, 1964. Bado sh. 2.*

"Alilipa?"

Shangazi akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Mwaka uliofuata alitupitisha upande mwingine wa ufukwe."