Walipishana kama wageni

Nimetoka sasa hivi kwenye kikundi chetu cha kusoma, maktaba ya mtaa hapa Boston. Moyo bado haujatulia.

Leo ilikuwa zamu ya Boy, Snow, Bird, riwaya ya Helen Oyeyemi ya mwaka 2014. Ni hekaya ya Snow White, yule binti wa kioo na tofaa lenye sumu, ila imehamishiwa mji mdogo humu humu Massachusetts, miaka ya 1950. Mama wa kambo anajifungua mtoto mweusi, ndipo inafichuka kwamba ukoo wa mumewe ni Wamarekani weusi wanaoishi kama wazungu.

Tuligawanyika kweli kweli.
Kijana mmoja, mwisho wa kitabu umemkasirisha mno.
Mwingine akamtetea mama wa kambo kwa kumpeleka Snow, binti wa mumewe, mbali.
Mimi nikapinga. Mtoto yule ana kosa gani?

Halafu bibi mmoja, mweusi, ambaye huwa hasemi sana, akavua miwani.

"Dada yake mama alifanya hivyo. Alihamia mtaa wa wazungu akawa mmoja wao. Siku mama alipokutana naye dukani, walipishana kama wageni."

Kimya.

Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua jalada la kitabu, polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo.

Tumbo moja, jamani. Hata salamu hakuna.

Nani mwingine amekisoma? Yule mama wa kambo mlimwonaje? Niambieni, usiku huu silali mapema.