Siku tuliyokwama Ruvuma

Nilikuwa kidato cha tatu tulipovuka mto kutoka Kilambo, upande wa Tanzania, kwenda Kionga, Msumbiji, kumzika dada yake bibi. Maji yalikuwa yamekupwa. Katikati ya mto boti ikapanda fungu la mchanga, nahodha akazima mashine akasema tusubiri maji yajae. Mama alikuwa analia kwa hasira: huko ng'ambo watazika bila sisi.

Mjomba, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, akanisogelea. "Mto huu ulimrudisha hata Livingstone na meli yake Pioneer, mwaka 1861. Sasa niambie, alikuwa anapima kina cha maji kwa ajili ya nani?"

Mimi nilimjua Livingstone wa shuleni, mmisionari mpinga utumwa. Mjomba akanieleza kwamba tangu 1858 alikuwa pia balozi mdogo wa Uingereza, na safari ile iligharamiwa na serikali. Mlango wa Zambezi ulikuwa mikononi mwa Wareno. Ilitafutwa njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kuwapigia hodi. Daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara huo, John Kirk, ndiye baadaye aliyeiwakilisha Uingereza Zanzibar, na mwaka 1873 akambana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa. Kwa hilo nashukuru mpaka leo. Lakini mkusanya majani yule sasa neno lake lilikuwa zito mbele ya Sultani, na hilo halikuandikwa kwenye daftari langu la historia. Barghash naye mwaka 1881 alimtuma Joseph Thomson huku Ruvuma kutafuta makaa ya mawe. Hayakupatikana ya maana.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno wakaufanya mto kuwa mpaka. Wamakonde wa kando zote mbili hawakuulizwa. Kionga, iliyo kusini ya mto, Wajerumani waliitwaa 1894, Wareno wakaichukua 1916, na mkataba wa Versailles, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ukawapa rasmi. Marehemu alizaliwa Kionga ya Mjerumani, akaolewa Kionga ya Mreno, na hakuwahi kuhama kitongoji.

Maji yalijaa alasiri. Ng'ambo askari akadai hati za kusafiria. Mama akamjibu kwa Kimakonde kwamba anakwenda kwao, msibani. Askari, Mmakonde mwenzake, akampa pole, akatupisha. Tulikuta wameshazika.