Makutupora ya 2014

Mzee alikuwa ameisimamisha mezani tangu asubuhi chupa ya waini nyekundu ya Makutupora, aina ya zabibu ya Dodoma, ili mashapo yatulie. Lebo haina, mwaka umeandikwa kwa chaki: 2014.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunywa au kuuliza maswali?"

Vyote viwili, nikamwambia. Hapa ni Mpunguzi, Dodoma, barabara ya Iringa. Baba yake mzee alikuwa kibarua wa mapadre wa Kitaliano pale Bihawana, na ukamuaji wa zabibu aliujifunza huko akaja nao nyumbani. Familia haijaacha mpaka leo.

Kizibo kilikatikia katikati, akakivutavuta kwa msumari. Akamimina taratibu huku kijana wake akimulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu. Mashapo yalipoanza kusogea akaacha, masalia yakaenda kwenye mwembe. Makutupora ikiwa changa ni nyeusi tii, hata meno yanabadilika rangi. Hii ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia pembezoni mwa glasi. Harufu ya zambarau zilizokaushwa. Ule ukakasi wa kushika ulimi ulikuwepo, ila umepoa, na ladha ikabaki mdomoni hata baada ya kumeza. Sukari hakuna kabisa.

Nikamuuliza kwa nini waini ya hivi haionekani mjini. Akacheka. Dodoma hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo ukipogoa unavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Zabibu za masika zinashambuliwa na ukungu na utamu wake mdogo. Yeye za kuweka anachagua za kiangazi tu. Lakini zabibu ikishakatwa haisubiri, inaoza. Mkulima anauza vichala kwa bei atakayotajiwa, au anakamua na kuuza mchuzi wa zabibu. Nani mwenye ada za watoto atalaza chupa miaka kumi?

Na joto nalo. Yeye anahifadhi ndani ya tembe la zamani la marehemu baba yake, kuta nene za udongo, paa la udongo, dirisha moja dogo. Nje jua linawaka, mle ndani unatamani sweta. Wagogo walilimaliza suala la ubaridi kabla ya friji kufika.

Mimi naona tumeihukumu mapema hii Makutupora kwamba ni ya waini tamu ya harusini tu. Haijapewa muda. Sisemi ya tamu ni mbaya, nimeinywa sana na nitainywa.

Nikaomba kununua moja. Hauzi, zilizobaki ni za sendofu ya mjukuu wake. Akanipimia ya msimu huu, dumu la lita tano, akanisisitiza niiache itulie kwanza. Nimefika nayo nyumbani Area C, dada yangu ameshachanganya glasi mbili na soda, anasema babu anajua kazi.